Vibanio vya Mgongoni

9 Machi

Kaka yangu Mpiga Picha,

Salamu nyingi kutoka huku ugenini. Hujambo? Wazee wote wa hapo Makao hawajambo? Mimi mwili mzima, ila mgongo unalalamika. Kukunja mashuka ya mahoteli kutwa nzima si mchezo, na msimamizi wetu ana macho nyuma ya kichwa.

Nimeona niandike, maana ukipiga simu mama yupo palepale, na masikio yake hayajazeeka. Kwanza, asante kwa ile Jumapili. Tangu mama ahamie hapo Makao ya Wazee nilikuwa nasikia sauti yake tu kwenye simu ya matroni. Wewe ukamkalisha dirishani, kitambaa cha kichwa kimenyooka, nikamwona kwa video mama yangu mzimamzima. Nililia mpaka wenzangu chumbani wakadhani nimefiwa.

Pili, nina ombi. Mama hasemi ukweli kuhusu mwili wake. Aliwahi kuvunjika kidole akaniambia ameng'atwa na mdudu. Baba alishatangulia, ndugu sina, na hicho kishikwambi unachokishika ndiyo macho yangu niliyobaki nayo. Hapa kwenye kiwanda cha kufulia, likizo ni kwa zamu, na zamu yangu ni Julai. Ikinipita, mpaka mwakani. Nitakuja Julai, Mungu akipenda, lakini ukiona jambo lolote usinifiche.

Mdogo wako wa mbali

16 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zako zimefika na mimi nazirudisha. Pole na mgongo. Wa kwangu pia umeanza kunisema, ila mimi nina wazee hapa wa kunicheka nikiinama, kwa hiyo nainama kimyakimya.

Labda nikueleze kazi yangu. Nilikuwa na studio ya picha mpaka kila mtu alipopata simu yenye kamera, nikabaki na pazia na kiti. Matroni akanichukua niwe mhudumu, kisha akanikabidhi kishikwambi: kila Jumapili niwaunganishe wazee na watoto wao kwa simu ya video. Nikaleta pazia langu na kiti changu. Mzee hakai mbele ya kamera hivihivi akiwa na makombo kidevuni. Namwosha uso, namgeuzia dirishani, namtafutia upande wake mzuri. Kule studio nilikuwa na koti moja tu, likiwatosha wanaume wote wa mji: nyuma nalikaza kwa vibanio vya kamba ya nguo, mbele bwana harusi. Kwangu mimi picha ni adabu.

Hapa kuna dereva wa lori mstaafu, kila simu inapounganishwa anawaamuru wajukuu wafunge mikanda. Kuna karani mstaafu pia. Yeye namnyoa ndevu kila Jumapili, tunapiga, inaita hukohuko kwa mwanawe mpaka inakata. Namwambia mtandao mbovu. Mtandao wetu umesingiziwa mengi.

Na mama yako, kama ujuavyo, fundi cherehani hastaafu. Ulipokata simu alisema: "Kola yake imekaa upande. Nani kamshonea yule?" Badilisha hilo shati kabla ya Jumapili, nami nitapumua.

Kaka yako, Mpiga Picha

20 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Za huko? Mama hajambo? Nauliza kama sijamwona juzi! Kaka, mnamlisha nini? Lile gauni la bluu alilojishonea mwenyewe limembana kifua na mikono, halina hata pumzi. Nimemwambia apunguze mkate, akacheka. Nilimwogopea bure.

Sasa nisikilize, nina jambo. Mwenzangu tunayekunja naye mashuka baba yake yuko hoi. Zamu yake ni mwakani. Analia juu ya mashuka mpaka tunayarudisha kufuliwa upya. Ameniomba tubadilishane, yeye aende Julai, mimi nichukue yake. Moyo unataka kumpa, maana kwa mama yangu naona kuna uzima. Lakini sitaki kufanya jambo kwa macho tu. Wewe unamwona asubuhi na jioni. Niambie neno moja: nije, au nimpe?

Mdogo wako

24 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku wote tunaendelea.

Swali lako lilinishinda nikampelekea mama mwenyewe. Nilidhani atasema uje. Ameniagiza niandike hivi, neno kwa neno: "Mpe mwenzako zamu. Mwenye baba mgonjwa ndiye mwenye haraka. Mimi nipo, nakula, nasinzia, nagombana na dereva. Usije kukaa hapa kuniangalia nikikoroma. Na kola umerekebisha, nimeona."

Mimi mwenyewe ningependa kuongeza kidogo, ila amevaa miwani na anasoma ninachoandika. Kwa hiyo naishia hapa.

Kaka yako

2 Julai

Kaka yangu,

Salamu sana. Natumai hamjambo nyote, na karani mtandao wake umetengemaa.

Mwenzangu amesafiri jana. Alinikumbatia mlangoni akanibusu viganja. Akasema mama yangu ataishi miaka mingi kwa wema huu. Nami nikaamini, maana baraka ya mwenye shida haipotei.

Ila Jumapili kuna kitu hakikunikaa vizuri. Mama hageuki. Nilipomwita aangalie upande wa mlango, aligeuza macho tu, shingo na mabega havikusogea. Na siku hizi hazungumzi sana, anasema "haya mwanangu" mapema. Ananuna kwamba siji? Mwambie mwakani si mbali.

Mdogo wako

11 Julai

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Salamu nitakupa mwishoni nikiweza.

Mama hajanenepa. Lile gauni la bluu sasa linamwingia mara mbili. Nilianza mwezi wa tatu kwa kibanio kimoja shingoni, ili kola isimwanguke, maana yeye mwenyewe aliniomba: "Mwanangu, kaza kidogo, asinione nimenywea." Nikakaza. Wiki iliyofuata nikaongeza kingine. Ile siku uliyosema linambana, nilikuwa nimepitiliza, mgongo wote ulikuwa vibanio. Nilijipongeza hata. Nilisema mkono wangu wa studio bado upo. Ndiyo maana hageuki. Akigeuka utaviona.

Ugonjwa ni wa tumbo. Daktari wa Makao alimpima tena juzi, akatuita mimi na matroni pembeni, akasema dawa zilizobaki ni za kutuliza maumivu tu. Anakula vijiko vya uji na hata hivyo vingine vinarudi. Mwakani hafiki, mdogo wangu. Naogopa hata kuutaja mwezi ujao.

Alinikataza kukwambia, na mimi nikajiambia mwili ni wake na siri ni yake. Lakini uliponiuliza nije au nimpe, ulikuwa unaniuliza mimi. Niliogopa miwani ya mama yako. Njoo, kama kuna njia yoyote. Nisamehe kama ipo njia ya hilo pia.

Kaka yako

13 Julai

Kaka,

Sina salamu.

Nilitoa zamu yangu kwa sababu ya vibanio vyako. Mwenzangu amemkuta baba yake ameketi kitandani anakunywa chai, amenitumia picha. Mimi nimekwenda kwa msimamizi nimepiga magoti juu ya sakafu yenye maji, akasema zamu haigawanywi mara mbili, nikiondoka nisirudi.

Uliniambia picha ni adabu. Adabu gani hiyo inayomfanya mtoto amtanie mama yake anayekufa kwamba apunguze mkate? Alicheka, kaka. Nilimwambia apunguze mkate, akacheka.

Jumapili nataka kumwona kama alivyo. Usimwoshe uso, usimtafutie dirisha, usiguse hata kitambaa chake.

Sijui nisaini nini.

21 Julai

Mdogo wangu,

Najua ulichokiona Jumapili ni dari la chumba chetu, na ile taa yenye wadudu waliokufia ndani. Ngoja nikwambie na upande ambao hukuuona.

Nilimweleza mama kwamba nimekwambia yote na kwamba unataka kumwona alivyo. Hakunifokea. Alivuta shuka akajifunika uso, akasema, "Basi asinione kabisa." Nilibembeleza, matroni akabembeleza, hata dereva aliletwa kwenye kiti chake cha magurudumu akajaribu mzaha, ukaanguka chini. Ndipo nikakilaza kishikwambi kifuani pake, kamera ikitazama juu, ili angalau msikizane. Wewe ulikuwa unaita, "Mama, geuza simu." Yeye alikuwa chini ya shuka anang'ata ncha yake usimsikie analia. Ulipokata, aliendelea kukishika mpaka kikapoa.

Sasa nimewaharibia pande zote mbili. Kabla mlikuwa na uongo wa kila Jumapili, na ndani yake mlikuwa mnachekeshana. Nimewaletea ukweli, mmebaki na dari.

Hasemi nami ila kwa lazima. Jana tu aliniuliza kama huko uliko kuna baridi, na kama una sweta.

Kaka yako, kama bado

27 Julai

Kaka,

Nimeacha kazi. Niko uwanja wa ndege na mfuko mmoja. Nabadilisha ndege mara mbili, nitazima simu njia nzima, Alhamisi jioni nitakuwa mlangoni. Mwambie nakuja. Mwambie sweta ninayo.

Usimpambe. Nakuomba kwa yote. Sitaki kusafiri hivi nikakute picha. Nataka kumkuta mama.

Mdogo wako

30 Julai

Mdogo wangu,

Nakuandikia asubuhi hii ya Alhamisi na ujumbe hauondoki, simu yako imezimwa. Nimejaribu kupiga, nikasikia ile sauti ya kike inayosema haupatikani. Nimeichukia sauti hiyo kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Nilipomwambia unakuja, aliamka. Sijamwona hivyo tangu Aprili. Aliomba kioo, akajiangalia, akakirudisha. Kisha akasema nimletee gauni la bluu na vibanio. Nikamjibu kwamba umekataza. Akasema, "Nilimshonea sare za shule mpaka akamaliza, hakuwahi kunikuta nimevaa hovyo. Kaza." Nikasema hapana, mama, safari hii namsikiliza mwanao. Nilimkosea mara moja kwa kukutii wewe, sitaki mara ya pili. Akaniangalia sana, akaniuliza: "Wewe ni mpiga picha au polisi?"

Akageukia ukutani. Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia. Alfajiri ya leo, kabla chai haijapita vyumbani, muuguzi alimkuta ameshatuacha. Pole, mdogo wangu. Pole sana. Najua neno hilo ni dogo.

Matroni amekubali gari la kumchukua lisubiri mpaka ufike. Yuko kitandani kwake. Niambie tu: nimvike kama alivyotaka yeye, au nimwache kama ulivyotaka wewe? Nimekaa na hili swali karibu na miguu yake tangu asubuhi, kishikwambi mapajani.

Saa zimekwenda, hujajibu, na najua huwezi kujibu. Nitamsikiliza mwenye mwili. Ukifika unifanye utakavyo.

Kaka yako, Mpiga Picha

4 Agosti

Kaka,

Barua yako niliisoma ndani ya teksi, nikiwa njiani kuja hapo, nikidhani ni ya kunielekeza mlango.

Matroni alisema uliaga mapema siku ile. Ulifanya vizuri kuondoka. Hata leo nakuandikia kwa sababu uso kwa uso siwezi. Tumemzika Jumamosi. Karani alikuja makaburini, amenyolewa, akanishika mkono akadhani mimi ni mkwe wake.

Nilimkuta kitandani, amegeuziwa dirishani upande wake mzuri, gauni limemkaa kama alilishona juzi. Kwa kweli alikuwa mzuri. Nikamwona yuleyule wa kila Jumapili, nikakasirika. Nikapitisha mkono mgongoni nikavikuta. Nikaanza kuvitoa kimoja kimoja, nimwone mama yangu niliyefichwa miezi yote. Gauni likalegea, kola ikaanguka, bega likatokeza. Kaka, hakubaki mtu pale. Mifupa tu, na alama nyekundu za vibanio vya zamani zilizopona na zilizokuwa hazijapona. Alikuwa anakaa navyo vikimfinya, anacheka, ananiambia kola yangu iko upande.

Sikuweza kuangalia zaidi. Hicho nilichoacha kazi na kukizungukia dunia nije kukiona, niliangalia mara moja tu nikashindwa. Nikamwomba msamaha, nikaanza kuvirudisha.

Lakini mimi si wewe. Vibanio viliniteleza, na wenye gari walikuwa wanagonga mlango. Sikupata mtu wa kunisaidia. Mama yangu, fundi cherehani, amezikwa na kola iliyokaa upande.

Mdogo wako