Mgongo Wako pale Njia Panda ya Lwiro

Mama mukwe wangu mpendwa,

Sijawahi kukuandikia. Tangu nimwoe Nsimire wako, maneno yangu kwako yalipita kinywani mwake, au yalipita mlangoni, mimi nikiwa sebuleni na wewe ukiwa upande wa jikoni. Leo nakuandikia mwenyewe, kwa Kiswahili hiki cha mapadri ulichokuwa ukinicheka nacho, kwa sababu umekufa na ile heshima yetu haina tena wa kuishika upande wako. Imebaki kwangu peke yangu, na imenilemea.

Uso wako siujui vizuri, mama. Nilikuona kwenye misa, nilikuona kwenye ubatizo wa watoto, kichwa umekiinamisha na kikwembe kimefika kwenye nyusi. Lakini jinsi ulivyotafuna, jinsi ulivyopuliza uji wa moto, hayo sikuyaona hata siku moja. Kwetu Bushi mkwe hali chakula mbele ya mama wa mke wake, wala mama huyo hali mbele ya mkwe. Ndivyo tulivyolelewa, na hakuna aliyetuuliza kama tunapenda. Mimi ninachokijua ni mgongo wako.

Unakumbuka mwaka ule wa kwanza wa mashindano? Mwenzangu Cirhuza, mwalimu wa gymnastique katika shule ninakofundisha hesabu, alirudi kutoka masomoni Ulaya na wazimu mpya: watu waogelee ziwani kutoka Nguba hadi Muhumba, watoke majini wapande baiskeli, velo zetu hizi, mpaka njia panda ya Lwiro na kurudi, halafu washuke wakimbie kwa miguu kupita mji mzima. Yote siku moja! Citoyen mkurugenzi wetu, siku zile kila mtu aliitwa citoyen, alisema hiyo siyo sport, hiyo ni adhabu. Mimi nikajiandikisha. Nilikuwa kijana bado, na ubishi ulikuwa mwingi kuliko akili.

Cirhuza alinifunza mambo mawili tu, akayarudia mpaka nikamchoka. La kwanza ni mwendo. "Kama unaona uko unaenda pole," alisema, "punguza tena." La pili ni tumbo. "Usingojee njaa. Ukiisikia njaa, umeshachelewa. Kila kilima kula kidogo, kunywa kidogo, ramba chumvi." Basi tukapanga Nsimire aningojee na ndizi na viazi vitamu pale njia panda tunapogeuza velo, mbele ya nyumba yako. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba nyumba ile ina mlango, na kwamba wewe unaweza kutoka.

Ulitoka. Mtaa mzima ulitoka. Na mimi nikafika, mwalimu mzima, mtu aliyekuja kuposa kwako amevaa abacost, suti yetu ile isiyo na tai, na kufunga vifungo vyote, sasa niko ndani ya suruali fupi na mapaja nje! Nsimire akanipa ndizi, ameshaimenya. Iko mdomoni tayari, nikainua macho, nikakuona umeshika shavu. Yesu wangu! Niliichomeka ile ndizi ndani ya shati, nikainamisha kichwa kukusalimu, nikageuza velo nikakimbia kama niliyeiiba. Ndizi ile ilifika mjini nami, lakini ilifika juu ya tumbo, haikuwa ndani.

Nilipoanza kukimbia kwa miguu, miguu haikuwa yangu. Nilisikia baridi kwenye jua kali. Niligombana na mti. Pale Nguba nikakaa mtaroni nikalia nataka sukari, na wamama waliopita wakasema, "Huyu bamemuloga." Cirhuza akaja mbio.

"Ulikula wapi?"

"Sikukula."

"Juu ya nini?"

"Mama mukwe alikuwa pale."

Hakucheka. Yeye naye ni mtoto wa Bushi. Alishika kichwa chake kwa mikono miwili, akasema, "Ee Mungu. Hiyo hawakutufundisha kule Ulaya."

Nsimire alikuogopa, lakini alikwambia yaliyonipata. Naye akaniletea maneno yako yote, na mimi nimeyaweka: "Sasa batu batasema nini? Eti mukwe wangu alipita kwangu na njaa, akaenda kuangukia mu mutaro? Kwangu mimi?" Alisema ulikasirika mpaka jioni ile ukakataa kula.

Mwaka uliofuata nilikuja nikiwa na hofu. Nilipozunguka mikaratusi ya kwako nikaona kigoda kimewekwa kando ya barabara. Juu yake jani la mgomba, ndizi mbivu ndogo ndogo, viazi vitamu vimekatwa na kunyunyiziwa chumvi, na kibuyu cha mutobe, maji ya ndizi ambayo hayajawa pombe. Na nyuma ya kigoda ilikuwa migongo mitupu. Wewe mbele, kikwembe kichwani, umenipa mgongo, unatazama maharage yako. Na wamama wote wa mtaa wamepangwa mstari, migongo kwangu, kwa sababu ulikuwa umewaambia, "Mwenye kugeuka, ni mimi na yeye." Hata katekista alikuwa amegeukia ukuta, maskini, na kofia yake mkononi.

Nikashuka. Kuku peke yao ndio walionitazama. Nikaanza kula.

"Uko unameza?" ukauliza, unaongea na maharage.

"Niko nameza, mama."

"Tafuna. Usikimbize chakula." Halafu, kwa sauti ndogo, "Bale benye kukutangulia bamepita hapa. Bako banapumua vibaya. Usibafuate, mukwe. Bache bachoke."

Nikacheka, mutobe ikanitoka puani. Nawe ukacheka. Sauti ulijizuia, lakini mabega yalikusaliti, yalitikisika chini ya kikwembe mpaka wamama wengine nao wakashindwa. Kicheko chako ninachokijua ni hicho, mama, mabega yale.

Sikuwafuata. Nilipunguza, nikapunguza tena. Na kwenye vilima vya kurudi mjini nikawakuta mmoja mmoja, wamekaa kando ya njia, wameshika mbavu, nikawapita. Nilimaliza nimesimama wima, naimba. Sikuwa wa kwanza. Aliyekuwa wa kwanza nimeshamsahau hata jina, lakini ladha ya viazi vile iko kinywani mpaka leo.

Tulifanya hivyo kila mwaka, mpaka mipira ya velo ikawa haipatikani madukani, Cirhuza akahamia Kinshasa, na mashindano yakafa bila mtu kuyazika. Ila mgongo ulibaki. Nikija kukusalimu hukujificha tena jikoni. Uliketi mlangoni, umenipa mgongo, unachambua maharage, na mimi nikila nyuma yako tukazungumza. Nsimire alisema, "Nyinyi babili muko na mambo!" Nilikuwa nakwambia vitu ambavyo yeye mwenyewe sikumwambia. Mama yangu mzazi alikufa ningali mdogo. Sikuwa na mtu mwingine duniani wa kuniuliza kama ninameza.

Halafu ugonjwa. Tukakuleta kwetu Nguba uwe karibu na madaktari, ukawa mifupa na macho. Tumbo lilikataa kila kitu. Daktari akatuambia: kidogo kidogo, mara nyingi, asingojee njaa. Nilitoka kwenye korido nikacheka peke yangu, nikaona machozi yanatoka. Maneno ya Cirhuza yaleyale! Nsimire alikulisha kwa kijiko asubuhi na jioni, na siku nyingine uliufunga mdomo ukatazama ukuta. Tulikuwa tunaomba jambo moja tu nyumbani mle, wewe ule.

Siku ile Nsimire alikwenda soko la Kadutu, mvua ikamshika huko. Mchana ukapita. Mimi nikiwa sebuleni nasahihisha kazi za wanafunzi, nikasikia sauti yako.

"Nsimire?"

"Hayuko, mama. Mvua imemuzuia."

Kisha ukasema, polepole, kama mtu anayeona haya, "Niko na njaa."

Mama, unajua nilivyofurahi? Siku ngapi hukulitamka neno hilo! Nilipasha uji, nikauweka kwenye kigoda karibu na kitanda, nikavuta kiti, nikakaa nimekupa mgongo. Nikasikia kijiko kinagonga bakuli. Nikasikia unapuliza.

"Polepole, mama. Usikimbize."

"Ee, mwalimu," ukasema. "Leo ni mimi niko mu mashindano."

Kijiko kikagonga, kikagonga, kikasimama. "Mukwe. Mukono imechoka."

Nilitazama ukuta. Mvua ilikuwa inapiga mabati. "Nigeuke, mama?"

Mimi nilikuwa tayari, nakuapia. Ungesema ndiyo, ningegeuka.

"Hapana," ukasema. "Leta vile vile."

Nikavuta kiti nyuma mpaka kikagusa kitanda. Nikachukua bakuli, nikaliweka magotini. Nikachota, nikapitisha kijiko juu ya bega langu bila kuangalia, na wewe ukanishika mkono. Miaka yote hatukuwa tumegusana, hata kwa salamu. Vidole vyako vilikuwa vikavu na vya moto. Ukauongoza mkono wangu: "Juu kidogo. Hapo." Nikasikia kijiko kimekuwa chepesi. Nikachota tena.

"Uko unameza, mama?"

"Niko nameza."

Tuliendelea hivyo, sijui muda gani. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Niliona tumeshavuka kilima. Halafu kijiko kimoja nikakipitisha begani, na kikabaki kizito. Mkono wako ulikuwa bado umeshika wangu. Nikangoja. Nikadhani unatafuna.

"Uko unameza?"

Uji hautafunwi, mama. Nilijua, nisikudanganye. Lakini sikugeuka. Maadamu sijageuka, wewe ulikuwa bado unakula. Nilikaa hivyo, mkono umepita begani, uji unadondoka kwenye shati, mpaka mlango ukafunguliwa na Nsimire akaingia, amelowa, kikapu kichwani. Alikutazama juu ya bega langu. Kifo chako nilikisoma usoni kwake.

Kwenye matanga watu walinisifu. Mukwe wa heshima, walisema, mpaka dakika ya mwisho hakumtazama mama mukwe wake anakula. Nilitaka kuwatukana wote. Nina uchungu, mama, na nina hasira, na hasira nyingine ni juu yako. Ungesema "Geuka" kingeharibika nini? Kijiko kimoja, uso kwa uso, dunia ingepasuka? Ningekuona mara moja unameza. Ningekufuta mdomo. Mtu mwingine anabaki na picha ya mama yake kwenye meza. Mimi nimebaki na alama za vidole kwenye mkono ambazo hakuna anayeziona. Nsimire ananiambia nisikufuru, kwamba ulinipa mgongo kwa mapenzi na mimi nikakurudishia. Labda. Yeye alikulisha akikutazama, anaweza kusema hivyo.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilitoa ile velo ya zamani. Mpira wa nyuma nimeufunga kwa kamba. Nsimire akaniuliza naenda wapi na umri huu, nikamwambia naenda kusalimu. Nilikwenda pole. Nikaona bado naenda mbio, nikapunguza tena, kwa sababu sikutaka kufika.

Nyumba imefungwa. Maharage yamejiotea yenyewe, yamepanda ukutani. Kigoda chako kipo, kimeegemea mlango, mvua imekipasua kidogo. Nilikipeleka kando ya barabara pale pale, nikakaa, nikaipa nyumba yako mgongo. Nikatoa ndizi, nikaimenya, nikauma. Nikangoja uniulize.

Magari yalipita. Mama mmoja alipita na mzigo wa kuni, akanitazama mdomoni bila haya. Hakuna aliyeuliza. Nikajibu hivyo hivyo, kwa sauti: "Niko nameza, mama."

Nilikudanganya. Ndizi ilikaa kooni, ikakataa kushuka.

Huko unakokwenda usikimbize, mama. Kama unaona uko unaenda pole, punguza tena. Mimi ningali nyuma, na bado sijala.

Mukwe wako,
yule wa velo