Karata za Kuokoa

Hospitalini, Karatu
Jumatatu asubuhi

Mpendwa Kaka Modest,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Engaresero, na kwamba lile vumbi la ziwani limeyaacha macho yako. Mama anauliza kila mara kama kambini wamekupa chumba au bado unalala kwenye hema, maana anasema kama ni hema basi na fisi ni jirani yako. Yeye hajambo. Mgongo unamsumbua kidogo kwa ajili ya kupalilia, lakini juzi alikwenda jumuiya akaimba mpaka wimbo wa mwisho, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Kwetu Mbulumbulu ukungu umeshuka wiki nzima na maharage yametoa maua. Mimi nipo.

Unisamehe kwa mwandiko huu. Unajua mwalimu wa Kiswahili huniita niandike ubaoni kwa ajili ya herufi zangu, lakini leo zinayumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Naandika nikiwa kwenye benchi, karatasi iko juu ya daftari na daftari liko juu ya paja. Ningekupigia kwa simu ya Mama, ila mtandao wa huko unakuja na kuondoka, na mimi nikianza kulia kwenye simu siwezi kumaliza sentensi. Metui akipita na gari lenu la mahitaji nitampa akuletee.

Kaka, Piusi, mtoto wa katekista Bartolomeo, aliumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akaficha. Ndiyo sababu tuko hospitalini. Nimeogopa siku zote hizi kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na nimeona nikueleze wewe, kwa sababu jambo lenyewe limeanzia kwenye zile karata za wanyonya damu ulizotuletea Krismasi, zile alizokuachia mgeni wa kambini.

Tunazicheza mpaka leo, mimi, Piusi na Vedasto. Vidonge vya kuhesabia damu vilishapotea, kwa hiyo tunatumia maharage mekundu ya Mama. Kila mnyonya damu anawekewa maharage yake juu ya karata, akipigwa anapungua, akiishiwa analazwa chali. Aliyelazwa hawezi kujiinua mwenyewe. Mpaka mwenzake atoe karata ya kuokoa, alipe maharage mawili ya damu yake mwenyewe, na atangaze mbele ya wote, ambapo adui yeyote pale mezani anaweza kumzuia. Najua wewe unazijua sheria, lakini nimeziandika kwa sababu usiku na mchana nimekuwa nikizifikiria.

Piusi alipanga deki yake, yaani fungu lake zima la karata, kwa vita tupu. Makucha, karata za kumsogelea mtu asipate pa kukimbilia, karata za kurefusha pigano mpaka mmoja alale. Ulitufundisha wewe mwenyewe kwamba mwenye deki ya vita hashindi kwa kumpiga kila mtu. Anampiga mmoja vizuri ili wengine waogope kumzuia, kisha anaendelea na kazi yake ya kummaliza aliye kushoto kwake. Akipigana kushoto na kulia atabaki na harage mojamoja, na yule aliyekaa kimya upande wa pili atachukua meza. Piusi alisikia nusu ya kwanza tu. Muhula huu alizitoa hata karata zake zote za kuokoa ili apate nafasi ya makucha, akasema zile ni za watu wanaopanga kushindwa. Mimi ninayekwepakwepa ndiye ninayeshinda mara nyingi. Vedasto husema ninacheza kama ninaosha vyombo, hakuna kelele, halafu ghafla meza ni safi.

Tulikuwa tunachezea kwenye ghala la ngano la zamani, kule juu ya shule, ambako haturuhusiwi kwenda. Tulikimbilia huko baada ya Mzee Bartolomeo kusema jumuiyani kwamba amesikia kuna watoto wana picha za watu wenye damu mdomoni, na kwamba akizipata atazichoma. Hakujua mtoto mmojawapo ni wa kwake. Piusi alikuwa amekaa palepale mbele yake, akitikisa kichwa kwa masikitiko kama wengine.

Wiki iliyopita, baada ya masomo, mbwa aliingia ghalani. Alikuwa wa rangi ya majani makavu, si wa mtu yeyote tunayemjua. Hakubweka. Alitembea kama sakafu inainama, taya limelegea na mate yanachuruzika, akaanza kutafuna mwimo wa mlango. Mti, kaka, anautafuna kama mfupa. Vedasto alikuwa juu ya magunia kabla sijaelewa ninachokiona. Nilimwambia Piusi tutoke dirishani polepole, naye akasema ni mbwa tu, acha uoga. Akaokota ubao na kumfuata. Alipigana naye vilevile anavyocheza, kusogea, kusogea, kusogea. Mbwa akamkamata nyuma ya mguu. Mimi nilimvuta Piusi kwa shati, mbwa akaachia, akaenda zake akiyumba kana kwamba hatukuwepo. Kesho yake mlinzi wa shule alimkuta amekufa mtaroni akamchoma moto.

Palikuwa na matundu mawili kwenye mguu wa Piusi. Vedasto akapiga kelele kutoka juu ya magunia, "Oya, umeumwa kama wa kwenye karata! Kesho utaanza kukimbia jua!" Tulicheka, na mimi nilicheka. Kisha Piusi akavuta soksi juu na kutuapisha. Baba yake akijua ameumwa atauliza wapi, akiambiwa wapi atauliza mlikuwa mnafanya nini huko, na karata zitakwenda motoni.

Nilimkumbusha tuliyosoma kwenye biolojia. Akaniambia vitabu vyangu vitaniua kabla ya mbwa. Nilikwenda maktaba nikasoma tena ukurasa ule, unaosema chanjo huzuia ugonjwa ikiwahi, lakini dalili zikishaanza hakuna dawa. Unasema pia kwamba mgonjwa huwa anaogopa maji. Nilisoma sentensi hizo mpaka msimamizi akaniuliza kama nimelala.

Tangu siku hiyo nikawa namtazama Piusi bombani. Akiinama kunywa nabana pumzi, akimeza naachia. Mwenyewe aligundua, akaniuliza kwa nini namwangalia kama dalali wa ng'ombe mnadani. Niliona aibu nikaondoka, lakini mapumziko yaliyofuata nilirudi kumtazama.

Jumamosi walinilazimisha kucheza. Piusi aligombana na Vedasto kulia, akagombana na mimi kushoto, na mnyonya damu wake mkubwa akalazwa chali. Pembeni alikuwa na mwenzake mwenye maharage matatu, damu ya kutosha kumwinua. Nilimwona Piusi anaangalia karata zake mkononi, anazipitia tena, hamna. Akasema basi aache alale. Alisema akicheka, huku anajikuna mguu juu ya soksi.

Sikuweza kuendelea. Niliweka karata chini nikawaambia ninakwenda kusema. Vedasto akaruka akasimama mlangoni. Alisema tutafukuzwa shule sote watatu, na kijiji kizima kitatuita mumiani. Akanigeukia kwa upole, "Sele, wewe hata hodi ya jirani unapiga kwa kunong'ona. Utamwambia nini katekista?" Ilikuwa kweli. Nilirudi nyumbani bila kumwambia mtu. Jana baada ya misa nilikwenda.

Nilimkuta Mzee Bartolomeo nje akifunga mpini wa jembe. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima, yenye salamu na maelezo na kuomba msamaha. Nilipofungua mdomo yote yalipotea nikasema tu, "Piusi ameumwa na mbwa, na mbwa amekufa." Nilisubiri aulize wapi. Hakuuliza wapi, kaka. Aliuliza mguu gani. Kisha akaliachia jembe lianguke na kuingia ndani akimwita Piusi kwa jina la ubatizo na la ukoo. Piusi alipotoka na kuniona pale uani alisema neno moja, msaliti, na hajasema nami tena.

Leo tumekuja mjini na Noah ya abiria ya asubuhi. Mzee aliniomba nije nieleze hospitalini yule mbwa alikuwaje, akamwomba Mama ruhusa mwenyewe, na Mama anadhani nimekuja kama shahidi tu. Njiani Mzee alisimulia habari ambayo hata Piusi alikuwa hajawahi kuisikia. Walipokuwa watoto kijijini Qurus, mdogo wake, Marsela, aliumwa na bweha alipokwenda kutafuta ndama. Aliogopa kupigwa kwa kuchelewa na ndama, akanyamaza, kidonda kikapona. Baadaye ndipo ugonjwa ukaja. Walimfunga kwa kamba ya ng'ombe kwenye nguzo ya nyumba. Alikuwa akililia maji kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtoto mwenye kiu, na kila mama yao alipomletea kikombe, alikiona tu akapiga ukelele mpaka majirani wakaziba masikio. Mzee alisimulia akiwa ameshika goti la Piusi. Hakulia. Alisema tu kwamba hata leo kumpa mtoto kikombe cha maji kunamtetemesha mkono.

Tulipofika, nesi alikiosha kidonda kwa sabuni kwa muda mrefu, ingawa kimeshaanza kufunga. Alisema tumechelewa lakini hatujachelewa sana, kwa kuwa Piusi hana dalili yoyote, na kwamba lazima arudi kwa kila sindano, asiruke hata moja. Kisha akauliza kama kuna mwingine aliyeguswa na mbwa huyo. Mzee akanitazama. Nilijibu kwamba Vedasto alikuwa juu ya magunia. Nesi akaridhika.

Kaka Modest, pale nilipoandika kwamba nilimvuta Piusi kwa shati, sikumalizia. Nilimvuta kwa mkono wa kushoto. Wa kulia niliusukuma usoni mwa mbwa ili aachie, na jino lake likapita kwenye shina la dole gumba. Ni mchubuko mdogo. Damu yake hata harage moja isingejaa. Nilikwenda bombani nikaosha kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikajikunja kama ya bibi, na tangu hapo navuta mkono wa sweta mpaka kwenye vidole. Mama nilimwambia nimejichoma na sufuria. Sasa umevimba, kalamu haishikiki, ndiyo maana unasoma mwandiko wa mkono wa kushoto.

Kila asubuhi najaza kikombe maji. Nayatazama kwanza, halafu nakunywa huku najisikiliza koo. Leo yalinikwama. Nilikunywa nusu nikamwaga. Sijui kama ni ugonjwa wenyewe au ni kuuogopa ugonjwa, na kitabu hakisemi mtu atatofautishaje.

Utaniuliza kwa nini basi sikumwambia nesi, na yeye alisimama hapa mbele yangu na kuuliza. La Piusi niliweza kulisema kwa sababu lilikuwa la Piusi. La kwangu nikilisema litakuwa kweli. Naona nguzo, naona kamba. Nilipoanza barua hii nilijidanganya kwamba nikikuandikia wewe nitakuwa nimesema, na wewe utamwambia Mama, na Mama ataamua. Najua Metui hapiti mpaka mwisho wa wiki. Nilijua hata nilipoanza.

Piusi ametoka chumba cha sindano. Amekaa mwisho kabisa wa benchi, amenipa mgongo.

Amegeuka.

Ameniuliza tangu lini mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Nimefunika karatasi. Amesogea, na bila kuomba ruhusa amepandisha mkono wa sweta langu. Nilidhani atacheka au ataniita mwongo, na angekuwa na haki, mimi niliyemtolea siri yake nikakalia ya kwangu. Aliugeuza mkono akauangalia pande zote mbili. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sele, wewe mjinga kuliko mimi." Sasa yuko mlangoni anaita mpaka watu wa foleni wanageuka. "Sista! Sista, kuna mwingine huku! Ndiyo, huyu msomi! Baba, mshike asikimbie!"

Kaka, sina nafasi tena. Mama nitamweleza mwenyewe leo, kwa hiyo usimpigie kabla sijafika nyumbani. Wasalimie wenzako wa jikoni, na Metui mwambie ahsante kwa kubeba. Karata bado ninazo, Mzee hajaziulizia. Ukipata siku za mapumziko, njoo, hata kama ni mbili tu.

Nesi anakuja na beseni na sabuni. Nyuma yake Mzee Bartolomeo ameshika kikombe cha maji, na mkono wake unatetemeka kweli. Uniombee.

Mdogo wako akupendaye,
Selestina

Nimekunywa. Chote.