Tausi wa Prayitno

Jepara, wiki ya pili baada ya Idi

Kwa Dada yangu mpendwa Sumirah,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii inakukuta mzima huko Taipei, na yule bibi unayemtunza hakusumbui tena kwenye kula. Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mama anaamka na maumivu ya miguu, lakini jua likipanda anatembea hadi sokoni kana kwamba miguu ile ilikuwa ya mtu mwingine. Shali uliyomtumia anaivaa na joto lote hili. Nikimwambia aivue, ananijibu kwamba majirani bado hawajaiona vizuri.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ninayo. Dada, kwenye simu tunalia tu. Wewe unaanza, mimi nafuata, salio linakwisha na hakuna aliyesema neno. Yuniarti, binti wa jirani, anakuja huko kuanza kazi, nikaona nimpe hii akuletee.

Uliniuliza kwa nini bado nakaa kwa Baba Mkwe wakati Prayitno hayupo tena na mtoto hatukujaliwa. Ulisema mzee yule mkali atanizeesha, bora nirudi kwa Mama. Najua unanionea huruma. Lakini kuna mambo huyajui, nami sijamwambia mtu.

Unakumbuka karakana yao ilivyokuwa. Upande mmoja Mzee Sarmidi na patasi zake, upande wa pili mwanawe na mashine ya kuchongea ya umeme, katikati ukuta wa mianzi, na mimi nikipita huku na huku kupiga msasa kazi za wote wawili. Hazikupita siku mbili bila wao kurushiana maneno. Mashine ikinguruma, mzee alikuwa akiuliza kwa sauti, “Leo unasaga unga wa nini?” Kazi ikikamilika alikuwa akimwambia mwanawe, “Mteja akalipe shirika la umeme. Wewe umeshika waya tu.” Naye Prayitno alikuwa anajibu bila kuinua kichwa, “Sawa Baba. Ila huyo tausi wako akimaliza kuota mkia, bibi harusi atakuwa na wajukuu.” Mimi nilicheka nao, nikidhani ni utani. Usiku ndipo nilipokuwa naona haukuwa utani wote. Prayitno aliwahi kuniambia kwamba tangu aishike ile mashine, baba yake hajawahi hata mara moja kugusa kazi yake kwa kidole. Aliitazama kwa mbali, akaenda zake.

Wakati mauti yanamkuta, Prayitno alikuwa na milango ya nakshi ya mteja mmoja wa Kudus, kwa ajili ya harusi ya binti yake. Vibao vyote vilikuwa tayari, na cha mwisho kilikuwa cha tausi aliyejificha kwenye majani. Alikichonga, akakifuta vumbi, akaniambia, “Tini, hiki usikiharakishe.” Kesho yake mvua ikanyesha, na yale ya barabarani unayajua, sitayarudia. Siku ya maziko Baba Mkwe hakulia. Alisimama mbele ya mashine, akaniambia polepole, “Laiti ingekuwa hii ndiyo iliyomuua, ningekuwa na kitu cha kuvunja.”

Baada ya hitma ya arobaini mteja alituma salamu, kwa adabu sana, kwamba harusi inakaribia. Nilijua ni haki yake. Lakini kila nilipokishika kile kibao ili nikipige msasa, mikono ilikataa. Ilikuwa kazi yake ya mwisho, Dada, na nilikuwa naitengeneza ili iondoke. Baba Mkwe alinikuta nimekipakata kama mtoto. Alikichukua, akaenda nacho upande wake wa ukuta.

Kuanzia siku ile sikumwona akifanya kazi nyingine. Nilidhani anakikosoa. Nilipompelekea kahawa nikaona ametafuta mti wa mtiki wa rangi ile ile, na anachonga tausi wa pili. Dada, mtu yule aliyesema kazi ya mashine ni maiti iliyovalishwa alikuwa ameinama na patasi zake akiigiza mashine. Mfereji wa mviringo unaoachwa na jino la mashine aliuchimba kwa mkono, unyoya kwa unyoya. Kuna mahali mkono wa Prayitno uliteleza, naye akateleza papo hapo, kwa makusudi. Shingoni, ambapo jino lilichoma mti kidogo, alipaka kahawa nzito hadi pakawa hudhurungi. Macho yake yana mtoto wa jicho, unajua, kwa hiyo alikuwa anapapasa cha mwanawe kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukichonga. Vile alivyokataa kuigusa kazi ya mwanawe miaka yote, sasa hakuiachia.

Alipomaliza aliniambia, “Mteja atapata tausi. Wetu anabaki nyumbani.” Nikalia, naye akanikaripia kwamba nitaloanisha mbao.

Nilivipiga msasa na vanishi vyote viwili, tukaviacha vikauke. Asubuhi nilikuwa sokoni, Baba Mkwe akiwa msikitini, vijana wa mteja wakafika mapema na lori. Walichukua milango, wakachukua na kibao cha tausi, wakaondoka. Niliporudi nilimkuta mzee amekwisha kukitundika kilichobaki ukutani, juu ya mashine, amekaa chini yake ametulia. Alikuwa ameweka chake karibu na mlango, akaamini ndicho kilichokwenda.

Dada, nilikigusa. Mti uliochomwa na jino la mashine huwa laini kama kioo, hata msasa hauutoi ulaini ule, na vidole vyangu vimeujua kwa miaka. Shingoni mwa tausi yule hapakuwa na ulaini wowote. Palikuwa na kahawa tu.

Kazi ya Prayitno iko Kudus, kwenye nyumba ya watu wanaofurahia harusi. Nilifikiri kwenda kuiomba. Lakini ningetokaje hapa bila kumwambia mzee ninakwenda kufuata nini?

Sasa kila siku baada ya swala ya alasiri anaketi chini ya kibao kile na kukipapasa. Mikono yake imeota sugu, haimwambii kitu. Juzi aliniita nisogee, akaweka kidole changu kwenye mkunjo wa mkia, akasema, “Sikia alivyopinda hapa. Huyu mtoto alikuwa fundi. Mimi nisingeweza.”

Nikamjibu, “Ndiyo, Baba.”

Ndiyo sababu siwezi kuhama. Nikihama nikakiacha, atasema nimemtupa mwanawe. Nikikichukua, hatakuwa na kitu cha kumsifia. Usimwambie Mama, kwa sababu Mama akijua, soko zima limejua.

Mpe bibi yako salamu, hata kama hatazielewa. Yuniarti nimempa tempe kavu ya soya na kahawa ya kusaga kwa ajili yako. Mpokee kama mdogo wako, hajawahi kulala mbali na kwao. Mama anakubusu. Baba Mkwe naye anakusalimu. Anauliza lini utakuja umuone tausi wa Prayitno.

Ni mimi mdogo wako,
Wartini