Beti Zangu Katikati ya Zaburi

Ndugu yangu, umewahi kusikia kurasa za Biblia za kanisa zima zikipekuliwa kwa pamoja? Fra fra fra! Mimi nimezisikia leo, na kosa ni langu.

Nilipangiwa kusoma zaburi. Nikajifanya fundi, nikaifunga Biblia ili niighani bila kutazama. Nilipofika katikati, yote ikanitoka!

Ninyamaze? Mimi? Nikatunga palepale beti mbili za taa isiyoomba mafuta, vina vimekaa sawasawa. Watu wakaanza kuzitafuta kwenye Biblia zao. Fra fra fra!

Mchungaji akainuka: "Kijana, hiyo ni aya ya ngapi?"

"Hiyo ni yangu, Mchungaji."

YANGU! Nimesema hivyo mbele ya madhabahu! Kanisa likaangua kicheko.

Baada ya ibada Mchungaji akanionya kwamba nikirudia, sisomi tena. Nilikuwa nafungua mdomo nimjibu, unanijua, bibi yangu akanivuta shati: "Ule mstari wa taa isiyoomba mafuta niandikie, mjukuu wangu. Nataka kusali nao asubuhi."

Hasira ikaniishia. Nikamwahidi kwa sauti, Mchungaji akisikia: "Nitakuandikia, Bibi, kwenye karatasi yake peke yake. Na hapa kanisani nitasoma Biblia ikiwa wazi."