Vidonge Ndani ya Kopo la Vifungo

Kliniki ya Utafiti,
Ghorofa ya Pili.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana najua goti linakusumbua na najua humsikilizi mtu. Mjomba je, bado anakoroma hadi majirani wanagonga ukuta? Mimi ni mzima, ila usingizi umenipa kisogo.

Unakumbuka nilikueleza kwamba hapa tunajaribu dawa mpya ya kifafa, nami ni karani wao. Sasa jaribio limekwisha. Waliojitolea wanatakiwa kurudisha vidonge vilivyobaki, tuagane.

Mmoja wao ni fundi cherehani, mama wa makamo, aliyenipunguzia suruali bila kunicheka. Tangu aanze dawa hii hakuwa ameanguka hata mara moja. Aliposikia mwisho unakaribia, akawa leo anameza kidonge, kesho anaficha kingine kwenye kopo la vifungo, ajiwekee akiba. Kifafa kikamkuta anapiga pasi. Mkono umeungua vibaya, Shangazi.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mwanangu, nyinyi mnafunga ofisi mnakwenda zenu. Mimi nakwenda wapi na kichwa hiki?"

Ijumaa ulikuwa mkutano wa kuwaaga. Kazi yangu pale ni kuandika kumbukumbu, si kusema, na mkataba wangu unakaribia kwisha. Lakini nilisimama nikauliza: watu hawa waliotukopesha miili yao, nani atawapa dawa kuanzia kesho?

Daktari mkuu akanitazama juu ya miwani. "Karani, andika swali lako, tuendelee."

"Nimeshaliandika, daktari. Nasubiri jibu niliandike pia."

Watu wakacheka. Fundi akasema kutoka nyuma, "Nasi tunasubiri, baba. Hatuna haraka."

Hakuna aliyenyanyuka. Mwishowe daktari akatoka kuwapigia simu wenye kampuni ya dawa hii. Aliporudi alisema kila mtu abaki na vidonge vyake mpaka lije jibu la maandishi. Vilivyobaki havitafika mbali. Nami nimeitwa ofisini kesho asubuhi.

Naogopa. Mama usimwambie kwanza, atapanda gari aje kuwagombeza.

Nisalimie Mjomba, binamu zangu mapacha, na Bibi, umbusu mikono. Mungu akuweke, akupunguzie maumivu.

Uniombee, Shangazi. Usiombe tu nisifukuzwe. Omba kwamba wakiniambia nilifute swali lile, mkono wangu ukatae.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata nikitetemeka,

Kifaranga