Jaketi Moja Juu ya Punta Unión

Cashapampa, 3 Aprili 2009

Mdogo wangu Wilder,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote. Huku hatujambo, mama anakohoa kidogo asubuhi, ila anakula. Natumaini hewa ya Lima, kama hiyo mnayovuta inastahili kuitwa hewa, haijakuharibu kifua.

Mzigo wako ulifika jana saa tano asubuhi kwa mkono wa dereva wa basi. Nimekuta jaketi moja jeusi, laini kama sungura aliyezaliwa juzi, na karatasi yako inayosema kwamba hilo peke yake linatosha mlimani: linazuia upepo, linavutika, linatoa jasho, na manyunyu hayaliingii. Tena unataka chama chetu cha wapishi na wapagazi kiagize arobaini na mawili yawe sare ya msimu.

Nimelivaa dakika kumi. Nilifanana na muuza simu. Mama aliniuliza kama nimepata kazi ya ulinzi.

Wilder, wewe uliondoka huku ukiwa na miaka kumi na saba, na kitu kirefu kuliko vyote ulichopanda tangu siku hiyo ni ngazi za soko la nguo. Mimi nimepika milimani misimu ishirini na mitatu, na kila siku nimeandika kwenye daftari hali ya hewa ilivyokuwa na nilichovaa. Fulana ya sufu mwilini, sweta la manyoya ya alpaka juu yake, koti la mvua juu ya yote, na fulana kavu ya akiba kwenye mfuko wa plastiki. Unavaa, unavua, unavaa tena. Hivyo ndivyo watu wanavyorudi nyumbani wakiwa hai.

Chama kinapiga kura tarehe 16 Mei. Nitasimama kupinga.

Kaka yako,
Nemesio


Lima, 12 Aprili 2009

Kaka Nemesio,

Shikamoo. Mwambie mama anywe maji ya moto na aache kulala karibu na jiko. Mimi na mke wangu wazima, mtoto ameota meno mawili.

Barua yako niliwasomea mafundi wangu watatu. Walicheka mpaka cherehani zikasimama. Nikawaeleza mnavyoonekana mkipanda: vitunguu! Kila kona mnasimama kumenya ganda moja, kona inayofuata mnalirudisha. Wageni wamelipa waone milima, wanaishia kumwona Nemesio akivua sweta.

Na hilo daftari lako! Miaka ishirini na mitatu unaandika kwamba baridi ni baridi.

Sikiliza, kaka. Nimeshona sare za benki, za shule, za watu wa usafi, za watu nisiowajua wala hawanijui. Nataka mara moja tu kitu cha mkono wangu kivaliwe kijijini kwetu. Na mafundi hawa watatu hawana kazi nyingine mpaka Julai.

Kwa hiyo nakuja tarehe 3 Mei. Najua una wageni kuanzia tarehe 4. Nichukue niwe msaidizi wako wa jiko. Nitabeba masufuria, nitavaa fulana moja na jaketi moja, basi. Wewe vaa kabati lote. Sitakuomba hata uzi. Tukivuka mlima kule Punta Unión nikiwa mzima, utasimama mkutanoni useme ulikosea.

Mdogo wako,
Wilder


Cashapampa, 20 Aprili 2009

Mdogo wangu,

Tu wazima. Njoo.

Nitaandika kila kitu, kwa saa na dakika. Umesema hutaomba, nimeyanakili maneno hayo kwenye daftari, ukurasa wa leo. Lete na kofia, masikio ya Lima ni mepesi.

Kaka yako,
Nemesio


Cashapampa, 9 Mei 2009

Mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama, maana tulipofika Vaquería, mwisho wa njia, uliondoka bila kuaga, ukadandia lori la viazi kama mtu anayekimbia polisi. Mama anauliza kama umekula.

Siku mbili za kwanza hazina maneno, jua lilikuwa kali. Nakunakilia ya tatu kama ilivyo daftarini, usije ukaisimulia vingine huko.

"Mei 6. Saa moja asubuhi, kambi ya Taullipampa. Barafu kwenye ndoo, unene wa kidole. Wageni sita wametangulia na Edmer, kiongozi wao. Mimi na W. tumebaki kuosha vyombo. Jiko ni la mwisho kuondoka na la kwanza kufika.

Saa mbili na robo. Tumeanza kupanda, mbio. W. ana masufuria na mtungi wa gesi. Upepo mkavu. Nimesimama kuvua sweta.

Saa tatu kasorobo. Nimesimama kuvaa sweta. W. hajasimama. Anapiga mluzi.

Saa nne na nusu, Punta Unión, juu kabisa. Wageni wanapumzika. W. amenisubiri dakika tisa. Amesema, 'Karibu babu, ulikuwa unabadilisha nguo za harusi?' Wageni hawakuelewa lakini wamecheka. Edmer ameelewa, amecheka zaidi.

Saa sita na nusu, kambi ya Paria, upande wa pili. Tumewapita wageni, tumefika wa kwanza. Hema la jiko limesimama, maji yako motoni. Nimevaa fulana kavu, sweta, koti la mvua. Mgongo wa W. umelowa jasho. Hana cha kubadili.

Saa saba na robo. Mvua ya theluji. W. anamenya viazi mlangoni mwa hema, ndani hapatoshi.

Saa nane na dakika arobaini. Jaketi limeshika maji mabegani. Nimeuliza, 'Bwana Lima, vipi manyunyu?' Amesema, 'Pika.'

Saa tisa na dakika ishirini. W. anatetemeka.

Saa tisa na nusu. Kisu kimemponyoka. Amejaribu mara mbili kukiokota.

Saa kumi kasoro dakika kumi. Nimemtania. Hajajibu.

Saa kumi na dakika kumi. W. amekaa kwenye tope. Ameacha kutetemeka. Edmer amekuja kuchukua chai, amemwona, amefungua begi langu bila ruhusa, ametoa sweta la akiba na blanketi, amemvua lile jaketi. Amenitukana."

Mimi ukweli siuachi: kwenye kupanda, kwa upepo mkavu, jaketi lako lilinishinda. Lakini mpishi hapandi tu. Anakimbia hadi anatota jasho, kisha anasimama kwa muda wa saa nne akichochea supu. Jaketi lako ni la kutembea, si la kusimama. Nadhani sasa tumeelewana, fundi.

Kaka yako,
Nemesio


Lima, 14 Mei 2009

Nemesio,

Mwambie mama nimekula.

Jaketi limeshindwa. Kwa mtu anayetembea bila kusimama bado naliona bora kuliko kabati lako, lakini kwa mtu wa jiko halifai. Nilikosea, na mafundi nimewaambia. Mmoja ameshaondoka.

Vidole viwili vya mkono wa kulia havihisi sindano. Daktari anasema huenda vikarudi, tusubiri. Kwa sasa nakata vitambaa tu, mke wangu anashona.

Nilisema sitaomba, na sikuomba. Ujinga huo ni wangu, nimeubeba. Lakini maandishi yako nimeyasoma mara tatu. Kati ya saa tisa na dakika ishirini na saa kumi na dakika kumi uliinua kalamu mara nne. Begi lilikuwa umbali gani kutoka ulipokuwa? Hilo hukuandika, wewe unayepima barafu ya ndoo kwa kidole.

Siku ya mkutano wasomee. Usiruke mstari.

Wilder


Cashapampa, 17 Mei 2009

Mdogo wangu,

Natumaini vidole vinaendelea vizuri. Mama amepona kikohozi.

Mkutano ulikuwa jana, saa kumi alasiri, darasani. Watu thelathini na wanane. Nilisoma yote, sikuruka mstari, kwa sababu mimi siogopi maandishi yangu. Kwenye kupanda walikupigia makofi. Kwenye viazi walicheka. Baadaye wakaacha kucheka.

Mama Teófila, mwenyekiti wetu, akauliza, "Begi lilikuwa wapi, Nemesio?"

"Ndani ya hema."

"Mbali nawe?"

"Nilikuwa nimelikalia."

Yule Hermógenes mwenye punda wengi akasema, "Dakika hamsini?"

"Alisema hataomba," nikajibu. "Imeandikwa."

"Mume wangu naye haombi," akasema Mama Teófila, "miaka thelathini hajawahi kuomba, na kila siku nampa chakula. Wewe ungemwandika tu mpaka afe."

Wakapiga kura. Nguo zangu za kuvaliwa moja juu ya nyingine zimepita, kwa kura thelathini na tano. Viongozi wa wageni wameruhusiwa jaketi lako. Edmer anataka saba, atakuandikia mwenyewe. Nilikuwa nakusanya karatasi zangu nikijua nimeshinda, Mama Teófila akaniambia nikae. Akauliza nani yuko tayari kupanda mlima nami msimu huu awe msaidizi wangu wa jiko.

Niliwatazama mmoja mmoja. Wengine niliwafundisha mimi kuwasha jiko kwenye upepo. Hakuna aliyeinua mkono. Hermógenes alikuwa anaangalia viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

Kundi la wapumbavu. Wamekubali nguo zangu na kunikataa mimi. Jiko wamempa mpwa wa Hermógenes, ambaye hawezi hata kuchemsha yai kwenye mwinuko ule.

Nijibu.

Kaka yako,
Nemesio


Cashapampa, 30 Agosti 2009

Mdogo wangu Wilder,

Hii ni barua ya nne tangu mkutano. Mama alisema nisikuandikie tena kuhusu nguo wala kuhusu watu wa chama, na leo siandiki.

Nauliza vidole. Vinahisi sindano? Vyote viwili, au kimoja?

Kama huwezi kushika kalamu, mwambie mkeo aandike. Hata neno moja. Dereva wa basi anapita hapa kila siku, nami namsubiri barabarani.

Kaka yako,
Nemesio