Ufunguo Wangu Ukae Kwako

2 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila mapacha wanaota meno na mama yao hajalala tangu juzi. Nyie wazima?

Nimesikia serikali yenu ilikupeleka kozi, umerudi na kitu kinaitwa nadharia ya michezo, eti ndiyo itamaliza ugomvi wa nchi zetu juu ya ziwa. Dada, juu ya mdomo wa bomba la pampu yangu yamebaki maji ya magotini tu. Yakishuka tena nitavuta tope, mji mzima ushinde na kiu, wanangu wakiwemo. Halafu nyie mnacheza? Wakubwa wangu wanasema ng'ambo mnavuta maji kwa siri. Niambie ukweli.

Mdogo wako,
Kitindamimba

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Wabusu mapacha. Sisi wazima, mgongo tu unanisumbua.

Mchezo wenyewe si wa kupiga danadana. Ni hesabu ya watu wasioaminiana. Wewe unajiuliza: nikizima pampu na mwenzangu akavuta, si nitakuwa mjinga? Nami huku najiuliza hayo hayo. Basi wote tunavuta, ziwa linakauka, na kila mmoja anajiona mjanja. Pampu yangu inapumzika kila Jumapili kama nchi zetu zilivyokubaliana. Yako je? Mbona kila Jumatatu maji yamepungua?

Dada yako

15 Machi

Dada,

Shikamoo. Mgongo umepoa?

Unanihoji kama polisi! Naapa kwa kaburi la mama, Jumapili pampu yangu haiguswi. Nyani haoni kundule. Hapa kazini wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na wakisema hivyo wananitazama mimi, kwa ajili yako. Usiniandikie kwanza.

Kitindamimba

29 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Afya yako nimekuwa nikiiulizia kwa madereva wa malori. Kimya chako kimeniuma.

Kaburi la mama hata mimi naweza kuliapia. Kwa hiyo niliwaambia wakubwa wa pande zote mbili: viapo tuviache. Kila upande utume fundi akakae kwenye kituo cha mwenzake, ufunguo wa pampu aushike yeye. Wamekubali. Wamechagua watu wanaoshukiwa zaidi: kwetu mimi, kwenu wewe. Tunabadilishana Jumapili hii mchana.

Dada yako

2 Mei

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Mapacha wananicheka ninavyoongea, na mkeo kanipa kitanda kizuri.

Tulipopishana mpakani ulinipungia mkono bila kunitazama usoni. Nilidhani ni uchungu wa kuondoka. Nimeingia kituoni kwako, nikaishika injini. Ya moto! Jumapili! Nimekaa kwenye kiti chako nikalia kwa hasira. Umemwapia mama yetu uongo.

Ufunguo nimeuvaa shingoni.

Dada yako

10 Mei

Dada,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila kidole kimoja kina lengelenge.

Wewe nawe mpakani ulikuwa unatazama viatu vyako. Injini yako niliishika kabla sijatua begi, ndipo nikaungua. Nilitukana peke yangu, kisha nikacheka mpaka mlinzi wenu akachungulia.

Jana Jumapili sikuipa pampu yako nafasi ya kuvuta, nawe hukuipa yangu. Leo asubuhi nimekwenda kuangalia maji: hayajashuka hata kidogo. Nimefurahi, dada, na nimeona aibu.

Wabusu wanangu. Na nikirudi nikakuomba ufunguo, hata nikiapa kwa kaburi la mama, usinipe.

Mdogo wako,
Kitindamimba